Sauti ya Chuma

Ilagala,
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kaka Selestini,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Wifi aliniambia plasta itakaa mpaka mwisho wa mwezi, basi tulia nayo, pikipiki zitakungoja.

Ile detekta ya kutafutia sarafu ardhini tuliyoinunua pamoja sinayo tena. Usiitupe barua, soma kwanza. Yule mnunuzi wa sarafu wa Kigoma alikuja na mpya, nikampa ile ya zamani na simu yangu juu yake. Ndiyo maana nakuandikia kama watu wa kale. Barua utaipata kwa Dismasi, boti yake inapoleta dagaa Kibirizi, nawe unijibu kwa mkono wake.

Kaka, ile ya zamani ilikuwa na sauti moja kwa kila kitu. Msumari, kizibo cha soda, sufuria iliyotoboka, vyote ililia vilevile, nami nachimba mpaka mgongo unakatika. Hii mpya unaiambia usichotaka kukisikia. Ufuko wetu unaujua, umejaa misumari ya mitumbwi tangu enzi na enzi, basi nikabonyeza kitufe, chuma chote ikakinyamazia. Sasa ikilia ujue ni shaba au fedha. Kwa siku chache nimepata senti za tundu na hela za Mjerumani nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si kuinamia vizibo vya soda.

Ila ukimya wake unanitia hofu. Ile ya zamani ilipiga kelele muda wote, nikawa kama natembea na mtu. Hii naivalia hedifoni, nasikia pumzi yangu tu, kisha ghafla inalia sikioni na moyo unaruka.

Juzi ililia pale ilipokuwa nyumba ya marehemu mzee Niyokwizera, ile iliyomezwa ziwa lilipopanda. Sasa maji yamerudi nyuma, umebaki mchanga na mizizi. Sauti ilikuwa nzito, siyo ya sarafu moja. Nilichimba mpaka bega likaingia shimoni, nikagusa kitu cha shaba, mviringo, kama kizibo kikubwa. Chini ya kizibo kinaendelea chuma, kinene kama paja la mtu, na mwisho wake sikuufikia. Wanawake wakawa wanakuja kuchota maji. Nikafukia haraka, nikaketi juu yake nikijifanya naosha miguu.

Unajua wazee wanavyosema: Mjerumani alipokimbia alifukia mali yake ndani ya vyombo vya chuma, akaviziba kwa shaba. Naogopa hata kuandika. Naogopa wezi, naogopa serikali, naogopa na hicho kitu chenyewe. Mama mkwe sijamwambia, maana mdomo wake hauna mlango. Feliksi yuko Kongo, na mume aliyeko Kongo ni wa kumwota tu. Nina wewe. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Leonia


Mwandiga,
Jumanne, 12 Agosti

Leonia,

Marahaba. Habari za mguu tuziache.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilipiga namba yako bila kufikiri. Akapokea mwanamume. Nikakata.

Nisikilize vizuri. Kitu hicho kiache kilivyo, kimefukiwa. Usikichimbe, usimwonyeshe mtu, wala usipite tena pale na hiyo mashine. Kaa nyumbani mpaka nije mwenyewe. Nitakuja na plasta hivi hivi, nikipata gari la kunibeba.

Sababu siwezi kuiandika hapa. Bahasha kwa Dismasi ni kama ganda la ndizi, na nikilitaja jina la kitu hicho Ilagala yote itakimbilia pale kabla wewe hujaimaliza barua. Niliwahi kuona cha namna hiyo hapa Mwandiga, na najua kilichomo ndani. Niamini tu.

Nijibu jambo moja. Hicho kizibo cha shaba kina pete yenye mistari midogo, na tarakimu zimechongwa juu yake? Kama zipo, basi ndicho chenyewe, na nakuomba kwa jina la marehemu mama yetu usikiguse.

Na kwa nini umekizima chuma? Kelele za ile ya zamani zilikuchosha, lakini hazikukuficha kitu.

Kaka yako,
Selestini


Ilagala,
Alhamisi, 14 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Heshima siyo woga, ndiyo maana nimeanza nayo.

Nimekuelewa. Nimekuelewa kuliko ulivyotaka. Mimi niache, nisimwonyeshe mtu, nikae ndani, mpaka wewe uje. Na ule mguu wa plasta, ambao juzijuzi haukuweza kuja hata kumwona mama mkwe alipolazwa, sasa umepata nguvu za kupanda gari! Unajua kilichomo ndani. Unajua mpaka pete na tarakimu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, nami nilidhani ni maneno ya kupambia khanga.

Ndiyo, pete ipo, mistari ipo, tarakimu zipo. Nimezisugua kwa mchanga na ndimu, zinang'aa. Kitu nimekitoa. Kilikuwa kimeshikwa na udongo, nikakipiga jembe ubavuni huku na huku mpaka kikaachia. Ni kizito kama mtoto anayeanza kukimbia. Nikakifunga kitenge, nikakibeba mgongoni, nikapita sokoni katikati ya watu. Mama mmoja akaniuliza, "Mtoto anaumwa? Mbona hatikisiki?" Nikamwambia amelala.

Sasa kiko jikoni kwetu nje, pale tunapochemshia chikichi. Nimekilaza kuwa figa la tatu, nusu yake ndani ya majivu. Nani atauliza habari za figa? Mama mkwe amekipenda. Anapanga kokwa za mchikichi juu yake na kuzipasua kwa jiwe, anasema tangu aolewe hajapata pa kupasulia pagumu kama hapa. Asubuhi nasikia ko, ko, ko, nacheka peke yangu.

Kizibo kimegoma. Nilikiwekea spana niliyoazima kwa Dismasi, kikasogea kidogo kisha kikakwama. Kuna fundi hapa nilimwuliza juu juu, akasema shaba na chuma vikishikana dawa yake ni moto wa polepole. Jumamosi tunapika mawese, pipa zima, moto wa kutwa. Jioni kitakuwa kimelegea chenyewe, na hakuna atakayejua.

Usiusumbue mguu. Fungu lako nitakutumia. Mimi si mchoyo, uchoyo una wenyewe.

Leonia


Mwandiga,
Jumamosi, 16 Agosti, asubuhi

Leonia,

Usiisome barua hii ukiwa jikoni. Mshike mama mkwe mkono, mtoke, mfike nyuma ya ule ukingo wa ufuko, mlale chini, ndipo uendelee.

Mmetoka?

Ni bomu. Ni bomu la mzinga wa vita ya Mjerumani, zima, halijalipuka. Hicho unachokiita kizibo ndicho kinacholilipua. Ndani hamna hela, mdogo wangu, mna baruti.

Usimwage maji motoni. Usivute kuni. Usirudi kuchukua chochote, hata kama ni kitenge, hata kama ni hiyo mashine. Mawese yaungue, pipa liungue, jiko zima liungue. Majirani wote waondoke, na asiende mtu kuchungulia.

Unamkumbuka Castory, rafiki yangu aliyekuwa ananunua vyuma chakavu? Tulikwambia kilichomuua ni mtungi wa gesi. Haukuwa mtungi. Alikuwa uani kwake, anakata kizibo kama hicho kwa msumeno, mkewe ndani anamkorogea uji. Ndugu zake waliomba tufiche kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa ya kujificha. Uliuliza msibani kwa nini jeneza lilipigiliwa misumari kabla watu hawajamuaga. Sasa unajua. Ile pete yenye mistari niliiokota mimi, kwenye majani ya mgomba wa jirani.

Mashine yako haikukosea. Ilisikia kichwa cha shaba ikakwambia. Mwili wote wa chuma wewe ndiye uliyeikataza isiuseme.

Barua yako imenifikia leo hii, maana jana Dismasi hakuvuka kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria. Simu yake haipatikani. Polisi nimewaeleza yote, sikuficha kitu, wanatafuta wanajeshi wanaoijua kazi hiyo. Simu ya mwenyekiti wenu inaita bila kupokelewa. Barua hii anakuja nayo Bariki, dereva wa bodaboda wa hapa kwetu, nimemsihi asisimame njiani. Hajui kimeandikwa nini. Angejua asingefika, na angekwambia kwa mdomo wewe ungesema nimemtuma akuibie.

Neno hilo nilipaswa kuliandika Jumanne. Nilimwogopa Dismasi na mdomo wake, watu wasije wakalichimbua kuuza chuma na baruti, kuliko nilivyoliogopa bomu. Nisamehe, lakini usinisamehe ukiwa jikoni. Toka.

Selestini


Mwandiga,
Jumapili, 17 Agosti

Leonia,

Sijui kama namwandikia mtu.

Bariki hajarudi na simu yake imezimwa. Leo mchana wavuvi waliofika Kibirizi wamesema walisikia kishindo kikubwa upande wa Ilagala, mpaka boti ikatikisika chini yao. Nimewapigia polisi, wananiambia ningoje. Nimengoja mpaka sielewi tena maana ya neno hilo. Nilipanda gari kuja huko, mguu ukavimba, plasta ikapasuka, abiria wakanishusha na kunirudisha nyumbani nikiwatukana.

Wifi yako anasema kishindo kinaweza kuwa cha kitu chochote. Nimemwambia atutajie kimoja, akaanza kulia, na mimi nikalia.

Kama barua hii umeishika wewe, andika neno moja tu, hata likiwa tusi. Kama ameishika mtu mwingine, ninamwomba aniambie bila kuzungukazunguka.

Selestini


Ilagala,
Jumatatu, 18 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Ni mimi. Angalia mwandiko, ni wangu.

Bariki alifika pipa linatokota. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya moto, nikaifungua bahasha papo hapo kwa hasira, nikitaka kuona umebuni nini safari hii. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikaruka kwa macho mpaka kwenye lile neno.

Mama mkwe alikuwa anakoroga. Nikamwambia tutoke. Akasema chikichi hazijaiva. Nikamwambia kuna hatari.

"Hatari gani, mwana wanje? Hatari ni kuunguza mafuta ya watu."

Niliogopa kulitaja lenyewe, asije akalipiga teke au akalimwagia maji kwa kuokoa pipa lake. Nikasema la kwanza lililonijia: "Feliksi amefika! Boti ya Kongo iko ufukweni!"

Kaka, yule bibi hatembei bila mkongojo. Alikimbia. Alikimbia na mwiko wa mawese mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, anaita jina la mwanawe, na mimi nyuma yake nalia. Bariki nilimpigia kelele aondoke, akaitia pikipiki moto, na tangu hapo sijamwona. Huenda yuko Uvinza sasa.

Nyuma ya ukingo nikamlaza chini, nikamlalia juu. Alikuwa anainua kichwa kutafuta boti. Nilipomwambia kweli hakuniuliza habari za bomu. Aliuliza, "Kwa hiyo Feliksi hayupo?" Nikasema hayupo. "Mana yanje, Mungu wangu," akasema, kisha akanizaba kofi. Majirani waliokuja kushangaa niliwafukuza kwa matusi, kwa sababu kwa lugha nzuri hawakusikia. Tulibaki pale chini kutwa. Mafuta yalipofurika motoni yakawaka, nikaona moshi mweusi, na kila ukuni ulipopasuka nilifumba macho nikangoja kufa. Halikulipuka. Kuni ziliisha, moto ukajifia wenyewe. Sijui kwa nini tuko hai, na sitaki kujifanya najua.

Jana wanajeshi walikuja na polisi. Walisema halibebeki tena, wakalizungushia magunia ya mchanga, wakalilipua palepale. Hicho ndicho kishindo cha wavuvi wako. Jiko halipo, nyumba imesalimika. Michikichi iliyokuwa karibu haina vichwa. Nilipatazama mahali alipokuwa anakaa mama mkwe kupasua kokwa zake, ni shimo lenye maji.

Nilikudhania mwizi. Kaka yangu wa tumbo moja, nikakuandikia maneno ya kumwandikia adui. Naona aibu mpaka uso unauma. Nisamehe, tutaongea nikikuona.

Lakini siyo hilo linalonifanya niandike mbio hivi. Mkubwa wa wale wanajeshi aliniuliza kabla ya kuondoka, "Lilikuwa peke yake?" Akasema mara nyingi hukaa mengi pamoja, kwa sanduku. Nikamjibu upesi, "Peke yake, bwana. Nimepita kila mahali na mashine, ufukweni mpaka nyumbani, haikulia tena." Akanishukuru. Akasema watarudi kupekua pale ufukweni, na nyumbani kwetu hapana haja. Mashine akaniachia, akanionya nisiiwashe.

Leo nafagia uwanja, ndipo ikanijia. Niliyopita nayo kila mahali ni mashine niliyoikataza isiseme chuma, na bomu lisilo na kizibo cha shaba isingelisikia.

Nimeiwasha. Najua wamenionya. Nimefungulia sauti ya chuma, nikaanzia mlangoni, mahali ninapokanyaga kila siku. Ikalia. Nikasogea, ikalia. Nikaingia nayo ndani, kwenye sakafu yetu ya udongo, ikalia kutoka ukutani mpaka kwenye kitanda cha mama mkwe, na chini ya kitanda sauti haikukatika kabisa. Huenda ni misumari. Babu yake Feliksi aliijenga nyumba hii kwa mbao za mtumbwi uliovunjika. Huenda ni vipande vya jana vilivyoruka. Nimejiambia huenda, huenda, mpaka neno limekwisha nguvu. Zamani ningechukua jembe nikachimba nikaona. Sasa mikono haitaki kugusa udongo, hata wa kusugulia sufuria.

Jirani yangu Hatungimana amekimbia kwa mwenyekiti ili wawapigie simu wale wanajeshi. Nawe Dismasi akikufikishia barua hii, nenda polisi, wewe wanakujua, simama pale mpaka wakusikie. Waambie yule mwanamke wa Ilagala aliwapa jibu la uongo bila kujua.

Mama mkwe yuko juu ya kitanda hicho hivi ninavyoandika. Tangu Jumamosi hataki kula, ameugeukia ukuta. Nimemweleza yote, nimempigia magoti. Anasema bomu lilishalipuliwa, kila mtu amesikia, na kwamba hatainuka tena kwa neno langu. Kumbeba siwezi. Kumvuta naogopa, kitanda kina miguu ya mti, nayo itakwaruza sakafu. Majirani wameshakwenda mbali, na siwalaumu, mimi ndiye niliyewafundisha kukimbia.

Sitamwacha. Nimekaa kizingitini, namwona mgongo wake unapanda na kushuka anavyopumua. Kila nikimwita ananijibu jambo moja, bila kugeuka: "Feliksi amefika?"

Jumamosi nilimtoa kwa jina la mwanawe. Kaka, leo nimtoe kwa jina la nani?

Leonia